Visanduku Ibukizi vya JavaScript: Mwongozo wa Kuvishughulikia Katika Uendeshaji wa Kivinjari kwa Skripti

Uendeshaji wa kivinjari kwa skripti ni utaratibu ambao programu iliyoandikwa mapema, yaani skripti, hufungua kivinjari, hubofya vitufe, hujaza fomu na kusoma matokeo kwa niaba ya mtu, na hutumiwa zaidi katika kujaribu tovuti kabla hazijawafikia watumiaji na katika kutekeleza kazi za kujirudia zinazofanyika ndani ya kurasa. Skripti ya aina hiyo inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, kisha ikakwama kwa sababu ukurasa umefungua kisanduku kidogo chenye sentensi moja na vitufe viwili, ambacho skripti haikuandaliwa kukijibu. Mwongozo huu unaeleza aina za visanduku hivyo, namna vinavyosimamisha kazi ya ukurasa, na njia za kuvishughulikia katika Selenium, Playwright na vyombo vingine vinavyotumika sana. Msingi unaoshikilia maelezo yote ni mmoja: kila kisanduku ibukizi ni swali, na jibu la swali hilo liamuliwe na mwandishi wa skripti mwenyewe, lisiachiwe chombo ambacho hakijui ukurasa umeuliza nini.

Aina nne za visanduku

Lugha ya JavaScript, iliyoundwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, ina vitendakazi vitatu vya kufungua visanduku ibukizi, kitendakazi kikiwa ni kipande cha msimbo chenye jina ambacho huitwa ili kifanye kazi maalumu. Kitendakazi `alert` hufungua kisanduku cha taarifa, ambacho huonyesha ujumbe na kuwa na kitufe kimoja tu cha kukubali, kwa hiyo hakirudishi jibu lolote kwa ukurasa. Kitendakazi `confirm` hufungua kisanduku cha uthibitisho chenye vitufe viwili, na hurudisha thamani ya `true` mtumiaji anapokubali na `false` anapoghairi. Kitendakazi `prompt` hufungua kisanduku cha ingizo, chenye nafasi ya kuandika, na hurudisha maandishi yaliyoandikwa mtumiaji anapokubali au `null`, yaani thamani inayoonyesha kwamba hakuna jibu lililotolewa, anapoghairi.

Aina ya nne haiitwi moja kwa moja na ukurasa, bali hutokana na tukio linaloitwa `beforeunload`, ambalo hutokea pale mtumiaji anapotaka kuondoka kwenye ukurasa, kuupakia upya au kuufunga. Ukurasa wenye fomu iliyojazwa nusu hulitumia tukio hilo kumwonya mtumiaji kwamba mabadiliko yake hayajahifadhiwa, na kivinjari humuuliza kama kweli anataka kuondoka.

Visanduku vyote vinne vina sifa moja inayovitenganisha na vitu vingine vinavyoonekana kwenye skrini, nayo ni kwamba huchorwa na kivinjari chenyewe na wala si sehemu ya muundo wa ukurasa. Kutokana na sifa hiyo, kiteuzi cha kutafuta kitufe ndani ya ukurasa hakiwezi kukipata kitufe cha kisanduku, mitindo ya ukurasa haiwezi kubadilisha rangi yake, na maneno yaliyo juu ya vitufe vyake hufuata lugha ya kivinjari wala si lugha ya tovuti, hivi kwamba kivinjari kilichowekwa katika Kiswahili huonyesha maneno tofauti na kile kilichowekwa katika Kiingereza hata kama ukurasa ni uleule. Mwandishi wa skripti hapaswi kamwe kutegemea maneno ya vitufe hivyo, bali atumie majibu mawili ambayo vyombo vyote vinayafahamu, yaani kukubali na kughairi.

Namna kisanduku kinavyousimamisha ukurasa

Msimbo wa JavaScript wa ukurasa hutekelezwa kwa mstari mmoja wa kazi, ambapo kazi moja hukamilika ndipo nyingine ianze. Msimbo unapoita `confirm`, mstari huo husimama mahali hapo na hausogei mpaka jibu lipatikane, na wakati huo ukurasa haupokei mibofyo na msimbo wowote mwingine hautekelezwi. Mtu aliyeketi mbele ya skrini huliona tatizo mara moja na kubofya kitufe, lakini skripti, ambayo huzungumza na ukurasa kwa amri, hujikuta ikituma amri kwa ukurasa uliosimama.

Hali hiyo haibadiliki kivinjari kinapoendeshwa bila kuonyesha skrini, kama inavyofanyika mara nyingi katika seva za majaribio, kwa sababu kisanduku kipo na kinasubiri jibu hata kama hakuna jicho linalokiona. Aidha, picha za skrini ambazo vyombo hivi hupiga huchukuliwa kutoka kwenye ukurasa, kwa hiyo kisanduku ambacho si sehemu ya ukurasa hakitokei ndani yake. Skripti inayokwama kwenye seva bila sababu ya kueleweka, huku picha ya mwisho ikionyesha ukurasa wa kawaida kabisa, ichunguzwe kwanza kama kuna kisanduku kilichoachwa wazi.

Kutambua kisanduku halisi

Kabla ya kuandika msimbo wowote, ni lazima ithibitishwe kwamba kinachoonekana ni kisanduku cha JavaScript kweli, kwa kuwa tovuti nyingi za sasa hutengeneza visanduku vyao wenyewe kwa kutumia vipengele vya kawaida vya ukurasa. Maktaba kama Bootstrap hutoa visanduku vya namna hiyo, na lugha ya HTML yenyewe ina kipengele cha `dialog`, ambacho kimepatikana katika vivinjari vyote vikuu tangu mwaka 2022. Kwa macho, visanduku hivyo hufanya kazi ileile ya kuuliza na kusubiri, lakini kwa skripti ni sehemu ya ukurasa, na hujibiwa kwa kutafuta kitufe chake na kukibofya kama kitufe kingine chochote.

Kipimo rahisi ni kubofya juu ya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya: menyu ya ukurasa yenye chaguo la kukagua kipengele ikifunguka, kisanduku hicho ni sehemu ya ukurasa, na isipofunguka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kimechorwa na kivinjari. Kipimo cha pili ni kutafuta majina ya `alert`, `confirm` na `prompt` ndani ya msimbo wa tovuti, jambo ambalo pia huonyesha ni kitendo gani kinachokifungua kisanduku na kwa sharti gani. Kosa la kuchanganya aina hizi mbili hujitokeza kwa namna mbili zinazotambulika kwa urahisi: skripti inayotafuta kisanduku cha kivinjari mahali palipo na cha ukurasa huambiwa kwamba hakuna kisanduku, na ile inayotafuta kitufe cha ukurasa mahali palipo na kisanduku cha kivinjari huambiwa kwamba kipengele hakipatikani au kwamba kisanduku kisichotarajiwa kimefunguka.

Njia ya Selenium: kitendo kwanza, jibu baadaye

Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 alipokuwa katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, leo hufuata kiwango cha WebDriver, ambacho shirika la W3C lilikipitisha kuwa pendekezo rasmi mwezi Juni 2018. Katika kiwango hicho, skripti hutuma amri moja baada ya nyingine, na amri ya kubofya ikishafungua kisanduku, skripti hutuma amri za pekee za kusoma ujumbe wake, kuandika ndani yake, kukikubali au kukighairi. Mfano ufuatao, ulioandikwa kwa lugha ya Python, unafuta rekodi kwenye ukurasa unaouliza uthibitisho.

```
from selenium.webdriver.common.by import By
from selenium.webdriver.support.ui import WebDriverWait
from selenium.webdriver.support import expected_conditions as EC

unaotarajiwa = "Je, ungependa kufuta rekodi hii?"

driver.find_element(By.ID, "futa").click()
kisanduku = WebDriverWait(driver, 10).until(EC.alert_is_present())
ujumbe = kisanduku.text

if ujumbe != unaotarajiwa:
    kisanduku.dismiss()
    raise AssertionError("Ujumbe usiotarajiwa: " + ujumbe)

kisanduku.accept()
```

Mambo matatu katika mfano huu yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kusubiri kwa sharti: kisanduku kinaweza kuchelewa kwa sababu ukurasa huwasiliana na seva kabla ya kuuliza, kwa hiyo skripti husubiri mpaka kisanduku kiwepo, kwa kikomo cha sekunde 10, badala ya kulala kwa muda uliokadiriwa, ambao ukiwa mfupi huharibu jaribio na ukiwa mrefu huchelewesha kazi yote bila faida. La pili ni kwamba ujumbe husomwa kabla ya kujibu, kwa sababu kisanduku kikishafungwa hakuna tena mahali pa kuusoma. La tatu ni kwamba ujumbe hulinganishwa na ule unaotarajiwa kabla ya kukubali, na ukitofautiana, kisanduku hughairiwa kwanza ili kisibaki wazi, ndipo jaribio litangazwe kuwa limeshindwa. Utaratibu huo una uzito wa pekee pale ambapo kukubali kunafuta, kunalipa au kunatuma kitu kisichoweza kurudishwa, kwani skripti inayokubali bila kusoma huenda ikakubali swali ambalo mwandishi wake hakulitarajia kamwe.

Jibu la chaguomsingi na hatari yake

Kiwango cha WebDriver kimeweka pia utaratibu wa kufuata pale kisanduku kinapofunguka na skripti ikaendelea na amri nyingine bila kukijibu. Mpangilio unaotawala hali hiyo huitwa `unhandledPromptBehavior`, na thamani zake ni tano: kukubali kimya, kughairi kimya, kukubali na kutoa hitilafu, kughairi na kutoa hitilafu, na kukiacha kisanduku wazi huku hitilafu ikitolewa. Mwandishi asipochagua chochote, hutumika ile ya kughairi na kutoa hitilafu, ambayo katika Python hujulikana kwa jina la `UnexpectedAlertPresentException`.

Matokeo yake huwachanganya wengi kwa njia mbili. Kwanza, hitilafu haitolewi na amri iliyokifungua kisanduku bali na amri inayofuata, hivyo mstari unaotajwa kwenye ripoti si mstari wenye chanzo cha tatizo, na mchunguzi anapaswa kurudi nyuma mpaka kwenye kitendo kilichotangulia. Pili, hitilafu inapofika kwa skripti, kisanduku tayari kimeshaghairiwa, na kwa sababu hiyo msimbo unaoinasa hitilafu hiyo kisha ukajaribu kukikubali kisanduku hukutana na hitilafu nyingine ya `NoAlertPresentException`, inayosema kwamba hakuna kisanduku. Maandishi ya kisanduku kilichofungwa hubaki ndani ya hitilafu ya kwanza, na huko ndiko yanakopaswa kusomwa.

Anayetaka kulidhibiti jibu mwenyewe anaweza kuweka mpangilio wa kukiacha kisanduku wazi kabla ya kukifungua kivinjari, kwa mstari mmoja.

```
options.unhandled_prompt_behavior = "ignore"
```

Mipangilio miwili ya kimya, yaani kukubali kimya na kughairi kimya, inafaa kuepukwa katika majaribio, kwa kuwa huficha maswali ya ukurasa badala ya kuyajibu. Jaribio likipita huku onyo la hitilafu ya seva likiwa limefunguka na kufungwa bila kusomwa, kupita huko hakuthibitishi kwamba tovuti inafanya kazi.

Njia ya Playwright: jibu kwanza, kitendo baadaye

Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, imechukua mwelekeo ulio kinyume. Hapa mwandishi hutangulia kuweka kisikilizaji, yaani kitendakazi kinachosubiri tukio fulani na kuitwa linapotokea, kisha ndipo huamuru kitendo kitakachofungua kisanduku. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa sababu amri ya kubofya katika Playwright haimaliziki mpaka ukurasa uendelee, na ukurasa hauendelei mpaka kisanduku kijibiwe, kwa hiyo jibu linaloandikwa kwenye mstari ulio chini ya mbofyo halitakifikia kisanduku hicho kamwe.

Chombo hiki nacho kina chaguomsingi lake: pasipokuwa na kisikilizaji chochote cha visanduku, hughairi kisanduku mara moja bila kutoa hitilafu. Matokeo ni kwamba kitufe cha kufuta kinabofywa, ukurasa unauliza, chombo kinajibu kwamba hapana, na rekodi inabaki palepale bila dalili yoyote kwamba swali liliulizwa. Kwa upande mwingine, kisikilizaji kikiwepo, wajibu wa kujibu huhamia kwake kikamilifu, hivi kwamba kisikilizaji kinachoandika ujumbe kwenye kumbukumbu bila kukubali wala kughairi huugandisha ukurasa mpaka muda wa kikomo uishe.

Mfano ufuatao unashughulikia ukurasa unaouliza uthibitisho, kisha ukatoa taarifa kwamba kazi imekamilika.

```
majibu = {
    "Je, ungependa kufuta rekodi hii?": True,
    "Rekodi imefutwa.": True,
}
yaliyoonekana = []

def jibu(kisanduku):
    yaliyoonekana.append(kisanduku.message)
    if majibu.get(kisanduku.message, False):
        kisanduku.accept()
    else:
        kisanduku.dismiss()

page.on("dialog", jibu)
page.get_by_role("button", name="Futa").click()
page.get_by_text("Hakuna rekodi").wait_for()
page.remove_listener("dialog", jibu)

assert yaliyoonekana == list(majibu)
```

Katika mfano huu, orodha ya maswali yanayotarajiwa na majibu yake imewekwa mahali pamoja, na swali lolote lisilo kwenye orodha hughairiwa na kuandikwa ili lionekane katika uthibitisho wa mwisho. Uthibitisho huo umewekwa nje ya kisikilizaji kwa makusudi, kwa kuwa hitilafu ikitokea ndani ya kisikilizaji kabla ya kujibu, kisanduku hubaki wazi na skripti hukwama badala ya kushindwa kwa uwazi. Amri ya kusubiri maneno ya matokeo imewekwa kabla ya uthibitisho kwa sababu taarifa ya pili huenda ikategemea jibu la seva na kuchelewa kufika, na kisikilizaji huondolewa mwishoni ili kisijibu maswali ya sehemu nyingine za skripti.

Playwright hutoa pia amri ya `once`, inayoweka kisikilizaji kwa tukio moja tu. Amri hiyo inafaa pale kisanduku kimoja kinapotarajiwa, lakini ina mitego miwili. Kisanduku kisipotokea, kisikilizaji hubaki kikisubiri na kujibu kisanduku kingine cha baadaye ambacho hakikukusudiwa. Na visikilizaji viwili vya `once` vikiwekwa kwa pamoja ili vijibu visanduku viwili vinavyofuatana, vyote viwili huitwa kwenye kisanduku cha kwanza, na cha pili hupata hitilafu kwa kujaribu kujibu kisanduku ambacho tayari kimejibiwa.

Vyombo vingine hutofautiana zaidi katika chaguomsingi kuliko katika mantiki. Puppeteer, iliyotolewa na timu ya Chrome ya Google mwaka 2017, hutumia kisikilizaji kama Playwright, lakini kisipowekwa, haighairi kisanduku bali hukiacha wazi na ukurasa ukasimama. Cypress hukubali visanduku vya taarifa na vya uthibitisho yenyewe, na mwandishi anayetaka kughairi huweka kisikilizaji cha `window:confirm` kinachorudisha `false`. Hivyo ukurasa uleule, wenye swali lilelile la uthibitisho, hughairiwa na Playwright, hukubaliwa na Cypress na kukwama katika Puppeteer pale ambapo mwandishi hakusema neno. Anayehamisha majaribio kutoka chombo kimoja hadi kingine analazimika kulikagua jambo hili kabla ya mengine yote.

Kisanduku cha ingizo

Kisanduku cha `prompt` huhitaji hatua moja zaidi, nayo ni kuandika maandishi kabla ya kukubali. Katika Selenium, maandishi hupelekwa kwa amri ya `send_keys` kisha hufuata `accept`. Katika Playwright, maandishi huwekwa moja kwa moja ndani ya amri ya `accept`. Amri ya kuandika ikitumwa kwa kisanduku cha taarifa au cha uthibitisho katika Selenium hutoa hitilafu, kwa kuwa visanduku hivyo havina nafasi ya kuandika, na hitilafu hiyo ni dalili njema kwamba aina ya kisanduku imekosewa. Katika Chrome, maandishi yanayotumwa na Selenium huenda yasionekane ndani ya kisanduku, kwa sababu huhifadhiwa na kukabidhiwa ukurasa wakati wa kukubali, na kutoonekana huko hakumaanishi kwamba hayakufika.

Jaribio kamili la kisanduku cha ingizo hupima hali tatu: mtumiaji akiandika na kukubali, akikubali bila kuandika chochote, na akighairi. Hali ya pili na ya tatu hufanana kwa macho lakini hazifanani kwa ukurasa, kwani ya pili hurudisha maandishi matupu na ya tatu hurudisha `null`, na msimbo wa ukurasa usiotofautisha hayo mawili unaweza kuhifadhi neno lenyewe `null` kama jina la mtu. Kosa la namna hii hugunduliwa tu na jaribio lililoandikwa kwa makusudi ya kughairi.

Kisanduku cha kuondoka

Kisanduku kinachotokana na `beforeunload` kina kanuni zake. Ujumbe wake hauwezi kuandikwa na tovuti, kwa kuwa vivinjari vikuu viliondoa uwezo huo, Chrome ikifanya hivyo katika toleo la 51 mwaka 2016, na sasa huonyesha sentensi yao ya jumla. Kwa hiyo skripti haipaswi kuyapima maneno hayo. Zaidi ya hilo, kivinjari hakionyeshi kisanduku hicho ikiwa mtumiaji hajagusa chochote kwenye ukurasa, na mguso huo ni lazima uwe mbofyo au uandishi unaopita kwenye njia za kawaida za kivinjari. Skripti inayojaza fomu kwa kubadilisha thamani moja kwa moja kupitia JavaScript, kisha ikasubiri onyo la kuondoka, itasubiri bure.

Katika kiwango cha WebDriver cha mwaka 2018, visanduku hivi huondolewa vyenyewe skripti inapokwenda ukurasa mwingine au kufunga dirisha, bila kujali mpangilio uliowekwa, ili skripti isinaswe mahali ilipokusudia kuondoka. Katika Playwright, amri ya kufunga ukurasa hailitekelezi tukio hilo mpaka iambiwe kufanya hivyo kwa kigezo cha `run_before_unload=True`, na hapo aina ya kisanduku itakayopokelewa na kisikilizaji ni `beforeunload`. Kwa kisanduku hiki, kukubali maana yake ni kuondoka na kughairi maana yake ni kubaki, na jaribio zuri hupima pande zote mbili, likithibitisha kwamba aliyebaki bado anayakuta maandishi yake kwenye fomu.

Kubadilisha kitendakazi badala ya kujibu kisanduku

Ipo njia nyingine ambayo huonekana fupi, nayo ni kubadilisha kitendakazi chenyewe ndani ya ukurasa, kwa mfano kwa kuandika `window.confirm = () => true`, ili swali lisiulizwe kabisa. Njia hiyo ina historia ndefu, kwani Selenium ya kwanza, iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya ukurasa kwa JavaScript, ilivibadilisha vitendakazi hivi kwa vyake, na hivyo haikuweza kushughulikia visanduku vilivyofunguka wakati ukurasa ukiendelea kupakiwa. Upungufu huo ungalipo kwa anayetumia njia hii leo: mabadiliko hupotea ukurasa unapopakiwa upya, na huchelewa iwapo kisanduku hufunguka mapema kuliko amri ya kubadilisha.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba jaribio huacha kupima kile ambacho mtumiaji atakutana nacho. Kwa sababu hiyo, njia hii inafaa katika kazi za kujirudia ambazo si majaribio, au pale chombo chenyewe kinapoielekeza, kama Cypress inavyofanya kwa `prompt`, na ikitumika, kitendakazi kilichowekwa mahali pa kile cha asili kihifadhi ujumbe uliopokelewa ili angalau maneno ya swali yaweze kuthibitishwa.

Visivyo visanduku vya JavaScript

Baadhi ya vitu vinavyochomoza juu ya kivinjari havimo katika kundi hili, na amri zilizoelezwa hapo juu hazivigusi. Kisanduku cha kuchagua faili hakihitaji kufunguliwa, kwa kuwa Selenium huipeleka njia ya faili moja kwa moja kwenye kipengele cha `input` kwa `send_keys`, na Playwright hutumia `set_input_files`. Kisanduku cha jina na nywila kinachotokana na uthibitishaji wa seva hushughulikiwa kwa kutoa taarifa hizo mapema, kama Playwright inavyofanya kwa kigezo cha `http_credentials`. Maombi ya ruhusa, kama ya kutumia mahali alipo mtumiaji au kamera, huamuliwa katika mipangilio ya kivinjari kabla ya ukurasa kufunguliwa. Dirisha jipya linalofunguliwa na `window.open` ni ukurasa kamili, na skripti huhamia kwake kama inavyohamia kwenye kichupo kingine.

Utaratibu wa kufuata

Kwa muhtasari, kazi ya kushughulikia kisanduku chochote hupita hatua hizi.

1. Kuthibitisha kwamba kisanduku ni cha kivinjari na si sehemu ya ukurasa.
2. Kutambua aina yake na kitendo kinachokifungua.
3. Kusoma chaguomsingi la chombo kinachotumika na kuliweka wazi ndani ya skripti.
4. Kuweka kisikilizaji kabla ya kitendo au kusubiri kwa sharti baada ya kitendo, kulingana na chombo.
5. Kusoma ujumbe, kuulinganisha na unaotarajiwa, na kughairi pale unapotofautiana.
6. Kujibu kisanduku.
7. Kuthibitisha matokeo kwenye ukurasa wenyewe, kwa mfano kwamba rekodi imeondoka kwenye orodha au kwamba bado ipo.

Hatua ya saba ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi, ilhali ndiyo inayolipa jaribio thamani yake, kwa kuwa kukubali kisanduku kunathibitisha tu kwamba kisanduku kilikuwepo. Jaribio la kufuta lisilokagua orodha baada ya kufuta, na lisilo na jaribio mwenzake la kughairi linalohakikisha kwamba rekodi haikuguswa, limepima nusu ya ahadi ambayo tovuti imempa mtumiaji.

Msomaji mwenye skripti zinazofanya kazi hivi sasa anashauriwa kuzipitia upya, atafute kila mahali ambapo ukurasa huuliza swali, na kuhakikisha kwamba jibu la kila swali limeandikwa humo waziwazi pamoja na uthibitisho wa matokeo yake. Mahali popote ambapo jibu halikuandikwa, chombo ndicho kinachojibu, na kazi ya kuamua kile kinachofutwa, kinacholipwa au kinachohifadhiwa haipaswi kuachiwa chombo.